Msalaba wa Nta

Mwezi huu twende pamoja Bretagne, rasi iliyo magharibi ya Ufaransa. Wabretoni ni watu wenye asili ya Kikelti. Mababu zao walivuka bahari kutoka Uingereza katika karne ya 5 na ya 6, wakaja na lugha yao, ambayo wachache wanaizungumza hata leo.

Kama watu wote wa pwani, wana ngano za bahari. Iliyo mashuhuri ni ya mji wa Is, uliokingwa na ukuta wenye lango. Ufunguo alikuwa nao mfalme Gradlon. Usiku mmoja binti yake, Dahut, akauiba. Lango likafunguliwa, maji yakaumeza mji mzima. Husemwa kwamba bahari ikitulia katika ghuba ya Douarnenez, kengele za Is husikika kutoka chini.

Katika ngano hiyo lawama yote ni ya mwanamke. Lakini maisha yenyewe yanatuonyesha jambo jingine. Tangu mwaka 1852 hadi 1935, wanaume wa Paimpol walikwenda na majahazi kuvua samaki Aisilandi, wakiondoka Februari na kurudi mwisho wa kiangazi. Watu wapatao 2,000 hawakurudi. Wake zao ndio waliobaki kulea na kungoja. Kadhalika katika kisiwa cha Ouessant, ambako waume walikuwa mabaharia, wanawake ndio waliolima mashamba.

Kisiwa hicho kilikuwa na desturi iitwayo proëlla. Ilipofika habari kwamba mtu amekufa maji na mwili haukupatikana, jamaa walitengeneza msalaba mdogo wa nta, wakauweka mezani juu ya kitambaa cheupe. Majirani walikesha nao usiku kucha wakisali, kama wanavyokesha na maiti. Asubuhi padre alikuja, msalaba ukapelekwa kanisani, ibada ya mazishi ikafanywa. Baadaye misalaba hiyo iliwekwa pamoja katika kaburi dogo kwenye makaburi ya Lampaul. Proëlla ya mwisho ilifanyika mwaka 1962.

Tunadhani wanawake wale walielewa jambo tunalolisahau. Mama ambaye mumewe au mwanawe amepotea bila kuonekana, hana kaburi la kulilia. Akilia, huambiwa, "Nyamaza, huenda atarudi." Akinyamaza, huambiwa amesahau. Hivyo hubaki katikati, miaka nenda miaka rudi, si mke wala si mjane.

Nta ile haikumrudisha mtu. Ilimpa mama ruhusa ya kulia mbele ya watu, na watu ruhusa ya kuja kwake. Kama yupo mama wa namna hiyo jirani yetu, tusingoje maiti ionekane ndipo tumwendee. Tuingie, tuketi naye, tumwache alitaje jina la mpenzi wake, nasi tulitaje pamoja naye.