Kiliba si pori: barua ya wazi kwa ANSER

Waheshimiwa wakuu wa ANSER, wakala wa taifa wa umeme vijijini, Kinshasa,

Nawaandikia kutoka Makobola, kwenye barabara ya taifa namba 5, kusini mwa Uvira. Usiku huku taa nyingi ziko ziwani: wavuvi wa ndagala wanawasha zao, sisi wa nyumbani tunachungulia chaji iliyobaki kwenye simu. Muhogo wa kusaga unangoja mashini ya mazutu.

Ila leo nataka tuongee habari za Kiliba.

Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilinyamaza mwaka 1996, vita ilipoingia. Anayepita pale kwa gari atasema papo hapo: hapa pafaa paneli za jua. Hakosei. Uwanda ni tambarare, jua la bonde la Ruzizi halina mchezo, na laini ya umeme wa Ruzizi inashukia bonde hilohilo kwenda Uvira. Goma mnaijua: tangu 2020 kampuni ya Nuru inawasha umeme wa jua Ndosho, kwa mtambo wa megawati 1.3. Mtambo wa namna hiyo hauhitaji ardhi kubwa, hektari chache tu.

Sasa shukeni garini. Palipoachwa na miwa, watu wamelima muhogo na mahindi. Hawana karatasi. Sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Dola, basi mama anayepalilia pale, kwenye ramani ya ofisini hayupo kabisa. Ramani ikichorwa kabla ya kumuuliza, mtazungushia uzio ugomvi, wala hautahitaji jua kuwaka.

Waulizeni pia wazee waliofanya kazi kiwandani. Wao wanajua maji yanatuama wapi. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda hadi bandari ya Kalundu ikazama. Nguzo isisimikwe kwa kukisia.

Halafu waya utaelekea wapi? Ukiishia Uvira mjini, sisi tutaendelea kuutazama mwanga kwa mbali. Sheria ya umeme ya 17 Juni 2014 haikuwaweka ninyi kwa ajili ya miji. Kutoka Uvira ni Kalundu, kisha Kabimba, kisha sisi.

Mkija kukutana na watu, msiite mkutano asubuhi. Wakulima wako shambani, na wavuvi ndiyo kwanza wamelala.

Mkaaji wa Makobola