Shabaha Haitoki kwa Mganga

Watu husema mpiga upinde hodari huzaliwa hivyo, au ana dawa. Mimi sikubali.

Watazame Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania. Mtoto wa kiume hupewa upinde mdogo akiwa na miaka 3 hivi. Hucheza nao kutwa. Akiwa mtu mzima, mkono wake umezoea.

Tena hawapuuzi mishale. Uti uliopinda hupashwa moto, kisha hunyooshwa kwa meno. Je, wewe hukagua yako? Kama mmoja ni mzito na mwingine mwepesi, usiulaumu upinde. Mzito huanguka mapema.

Uvute ugwe mpaka mahali pale pale kila mara. Leo ukivuta mpaka shavuni, kesho mpaka kifuani, kila mshale utakwenda kwa nguvu yake. Ukiachia, tuliza mkono unaoshika upinde. Wengi huushusha upesi ili waone mshale umefika wapi. Naona kosa hilo ndilo kubwa kuliko yote. Na ugwe wa kano ukilowa hulegea, basi usipige.

Mnyama aliyejeruhiwa hukimbia akafa mbali. Nyama hupotea, na watoto hulala njaa. Kwa hiyo jifunze kwanza kwa fungu la nyasi. Simama hatua 15, piga mishale 5. Ikikusanyika yote pembeni, furahi. Hiyo ni afadhali kuliko mmoja katikati na minne iliyotawanyika. Iliyo pamoja utaisogeza kesho kwa kulenga upande wa pili.