Winga Aliyeachwa na Meli

Mashabiki wa kandanda, poleni. Jumapili ya leo tunauzungumzia mpira wenye umbo la yai. Wala si ile raga ambayo vijana wetu huicheza shuleni, ya wachezaji 15 au saba kila upande, bali ni ndugu yake, raga ya ligi, ambayo huchezwa na watu 13. Ndugu hawa walitengana huko Uingereza mwaka 1895 kwa sababu ya pesa. Klabu za kaskazini, zilizojaa wachimba makaa na vibarua wa viwandani, zilitaka mchezaji alipwe fidia ya mshahara anaoukosa akienda uwanjani. Wakubwa wa mchezo wakakataa katakata.

Katika raga hiyo ya watu wa jasho ndimo Roy Francis, kijana mweusi kutoka Wales, alimotafutia riziki. Alizaliwa Cardiff mwaka 1919, akalelewa Brynmawr, mji wa wachimba makaa. Akiwa na umri wa miaka 17 tu alitia sahihi mkataba na Wigan, kisha akazichezea Barrow, Warrington na Hull. Alikuwa winga mwenye mbio, na hadi anatundika viatu alikuwa amefunga trai 229.

Mwaka 1946, vita vikiwa vimeisha juzi tu, timu ya Uingereza iliteuliwa kuzuru Australia. Francis hakuwamo. Hakuwa mgonjwa, wala miguu haikuwa imechoka. Australia ya wakati huo ilikuwa na siasa ya kutotaka watu weusi, na wateuzi hawakutaka kuwaudhi wenyeji wao. Manowari Indomitable ikang'oa nanga bila yeye. Mzazi yeyote ambaye mwanawe aliachwa nje ya timu huku mtoto wa mwenyekiti akikabidhiwa jezi anajua jinsi chakula cha jioni hiyo kinavyokuwa kichungu.

Mwaka 1947 alipewa mechi moja ya taifa, dhidi ya New Zealand. Alifunga trai mbili. Hakuitwa tena!

Sasa basi, wengine hapo wangeishia kulalamika barazani. Francis aligeukia ukocha huko Hull, tena kabla hajaacha kucheza, wakati ambapo kuona mtu mweusi akiwaamuru wazungu uwanjani lilikuwa jambo la ajabu. Alipiga filamu za mechi ili wachezaji wajionee makosa yao kwa macho, jambo ambalo makocha wa leo hulifanya kama kupiga mswaki. Alichunguza pia mawazo na wasiwasi wa mchezaji, si misuli tu. Na hili litawafurahisha akina mama: alitaka jamaa za wachezaji ziwe karibu na timu, kwani alijua kwamba mwenye ugomvi nyumbani hawezi kukaba vizuri.

Hull ilitwaa ubingwa mwaka 1956, ikiishinda Halifax 10-9, na tena mwaka 1958. Alihamia Leeds, na mwaka 1968 akaifikisha fainali ya kombe uwanjani Wembley dhidi ya Wakefield Trinity. Mvua ilinyesha hadi uwanja ukawa kama shamba la mpunga. Dakika ya mwisho Leeds waliongoza 11-10, na Don Fox wa Wakefield alikuwa na mkwaju mbele kabisa ya milingoti, wa pointi mbili. Mtoto angeufunga. Fox aliteleza, mpira ukaenda kando, na kombe likaenda Leeds.

Mwaka uliofuata, nadhani umekwisha kukisia, Francis alikwenda Australia, ile ile iliyomkosesha meli. Safari hii alikuwa kocha wa North Sydney. Alidumu misimu miwili, akarudi Uingereza kuendelea na kazi. Alifariki mwaka 1989, na Brynmawr ikamsimamishia sanamu mwaka 2023.

Kuna kijana mmoja aliyejiunga na Hull mwaka 1961, Francis akiwa kocha. Naye alikuwa winga, mweusi, mzaliwa wa Cardiff, jina lake Clive Sullivan. Mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kama nahodha katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Lyon, Ufaransa. Walitoka sare ya 10-10, lakini kombe likachukuliwa na Uingereza kwa kuwa rekodi yake katika mashindano ilikuwa bora zaidi. Wapinzani wao siku hiyo walikuwa Australia.