Kabla ya kuwapa polisi silaha mupya, tuambiwe nani atawachunga

Kila mara polisi inapoua mutu mu maandamano, kunatokea wenye kusema: «Basi wawapatie silaha zisizoua: bunduki za umeme, gazi ya machozi, risasi za mpira.» Sisi vijana tunajibu: shida haianzie kwa silaha. Inaanzia kwa yule anayeishika, akijua kama hakuna mutu atakayemuuliza.

Kwanza, silaha «isiyoua» inaua. Tarehe 14 Oktoba 2007, mu kiwanja cha ndege cha Vancouver, kule Canada, polisi ilitumia bunduki ya umeme mara tano juu ya musafiri mumoja wa Polandi, Robert Dziekański. Alikufa palepale. Polisi ikaeleza mambo kwa namna yake, lakini musafiri mwingine alikuwa amechukua video, na video ikaonyesha mengine. Uchunguzi wa wazi ukafuata, na polisi wawili wakahukumiwa kwa sababu walidanganya mbele yake. Mu 2012, jimbo la British Columbia likafungua ofisi ya kujitegemea, yenye kuongozwa na raia, kwa kuchunguza polisi. Bila ile video, yangebaki maneno ya polisi tu.

Na kwetu Congo? Tarehe 21 Januari 2018, Thérèse Kapangala aliuawa kwa risasi kanisani kwake, Kintambo, Kinshasa. Tarehe 25 Februari, Rossy Mukendi naye akaanguka kwenye kanisa la Saint-Benoît, Lemba. Ile siku zote mbili watu waliandamana mikono mitupu, wakiomba uchaguzi.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 26 cha Katiba kinaruhusu maandamano: unajulisha mukubwa wa mahali kwa barua, hauombe ruhusa. Kifungu cha 183 kinasema polisi iko kwa kazi ya taifa, na hakuna mwenye haki ya kuigeuza chombo chake. Kifungu cha 61 kinakataza kugusa haki ya kuishi na kutesa mutu, hata mu état de siège. Tena toka 2011, sheria inaazibu mateso. Na umeme njo silaha ya mutesaji: unaumiza sana, unaacha alama kidogo.

Basi nani anachunga? Inspection générale ya polisi iko chini ya waziri wa mambo ya ndani, yule yule mwenye polisi mikononi. Polisi akikosa, kifungu cha 156 kinamupeleka mbele ya tribinali ya kijeshi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa mu 2013, inaweza kuchunguza na kutoa mashauri, lakini haina nguvu ya kumushitaki mutu. Kesi ya ngedere inabaki kwa nyani, na familia ya marehemu inabaki na kaburi.

Kuna watakaosema tunachukia polisi. Hapana. Tunajua polisi analala mu nyumba mbovu, mushahara wake hautoshi, na siku ingine naye anauawa akiwa kazini. Mara nyingi yule mudogo njo anaingia gereza, na aliyetoa amri anapanda cheo. Uchunguzi wa kujitegemea unamulinda yeye pia, kwani utauliza: nani alisema «piga»?

Kwa hiyo tunaomba wabunge na serkali:

1. Iundwe kwa sheria ofisi ya kuchunguza polisi, inje ya wizara, yenye raia ndani yake, na yenye kutoa raporti mbele ya Bunge na mbele ya wanainchi.
2. Kila silaha iandikwe: nani aliichukua, alitoka na risasi ngapi, alirudi na ngapi.
3. Kila polisi mu maandamano avae jina ao namba yake mahali inaonekana.
4. Mutu akikufa ao akiumizwa, uchunguzi ufunguliwe mara moja, na familia ipewe matokeo ya daktari.
5. Kusiingie silaha mupya hata moja, ya umeme ao ingine, mbele haya hayajafanywa.

Na wewe, ndugu mwanainchi: ukiona, andika saa, mahali, na namba ya gari. Chunga ile video. Siku ofisi itafunguliwa, tusifike mikono mitupu.