Menyu isimhangaishe mgeni wa kompyuta

Huenda una mwana chuoni anayesomea uundaji wa programu za kompyuta, au ni wewe mwenyewe. Juma hili nina neno kuhusu menyu, ile orodha ya amri unazochagua kwa kipanya.

Windows 95 ilipotoka mwaka wa 1995, aliyetaka kuizima kompyuta alilazimika kwanza kubofya kitufe kilichoandikwa "Start", yaani anza. Fundi alicheka tu. Mgeni alikitazama kitufe hicho, akaogopa kukigusa.

Kisha ikaja Office 2000, nayo ikazidisha. Menyu zake zilificha amri ambazo mtumiaji hakuzitumia mara kwa mara, ati kumpunguzia mzigo. Amri hizo zilipofunuliwa, zilijipenyeza katikati ya zile nyingine. Mwalimu akisema, "Bofya ya tatu kutoka juu", kila mwanafunzi anabofya kitu tofauti! Ungekuwa mpishi, ungependa mtu akuhamishie chumvi kila jioni? Na ubaya ni kwamba mgeni hailaumu menyu. Hujiona yeye ndiye mjinga, akaiacha kompyuta kwa watoto.

Macintosh ya mwaka wa 1984 ilikuwa na njia ya busara zaidi. Amri isiyoweza kutumika wakati huo haikuondolewa. Ilififishwa ikawa ya kijivu, pale pale ilipo. Mgeni akajua ipo, ila zamu yake haijafika. Tena amri iliyofuatwa na nukta tatu ilimaanisha kwamba utaulizwa jambo kabla ya kazi kufanyika. Alama ndogo, lakini humwondolea mtu hofu.

Wewe unayeunda programu, usiweke "Futa" ikigusana na "Hifadhi". Usiulize, "Una hakika?" kisha ukampa "Ndiyo" na "La", hakika ya nini? Andika kwenye vitufe vyenyewe: "Futa barua" na "Usifute". Nayo maneno ya mafundi, yaacheni karakana.

Kabla ya kuwasilisha mradi wako, mkalishe shangazi ambaye hajawahi kuiona programu hiyo. Mwambie aandike barua fupi, aihifadhi, kisha aichapishe. Usimwelekeze, hata akikukodolea macho. Kila atakapouliza, "Sasa nibonyeze wapi?", weka alama kwenye daftari lako, kisha urudi ukaparekebishe hapo.