Sifa za mitishamba zipimwe kabla ya kuuzwa

WAZEE wengi Ulaya na Marekani hununua vidonge vya majani ya ginkgo, mti wenye asili ya Uchina, kwa imani kwamba huimarisha kumbukumbu. Sifa hizo zimeenea mno. Je, zina ukweli?

Kati ya 2000 na 2008, watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu 3,069 waliokuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Takriban nusu yao walimeza miligramu 120 za ginkgo mara mbili kwa siku. Waliosalia walipewa vidonge vilivyofanana navyo lakini visivyo na dawa. Wazee hao hawakujua wanameza nini, wala waliowapima hawakujua. Hapo ndipo ulipo uzito wa jaribio lenyewe, kwani anayeamini ametibiwa huweza kujiona amepata nafuu.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2008. Wazee 277 waliomeza ginkgo walipatwa na maradhi ya kupungukiwa na akili uzeeni, ikilinganishwa na 246 wa kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo na haithibitishi kwamba ginkgo inadhuru, lakini kinga iliyotangazwa haikuonekana. Uchanganuzi wa 2009 ulibaini kwamba hata kasi ya kudhoofika kwa kumbukumbu haikupungua.

Haimaanishi kwamba mimea haina lolote. Galantamini, iliyopatikana kwanza katika maua meupe ya galanthus, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2001 kuwatibu wagonjwa wa Alzheimer. Huzuia kuvunjwa kwa kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo. Haiponyi, tena huwatia baadhi kichefuchefu, ila nafuu yake, ingawa ni ndogo, ilithibitishwa kwa majaribio ya aina hiyo hiyo.

Kenya ilitambua tiba za kiasili katika Sheria ya Afya ya 2017, na taasisi ya KEMRI ina kituo cha kuchunguza dawa hizo. Kizingiti kikubwa ni gharama. Kampuni haina hamu ya kufuatilia maelfu ya watu kwa miaka sita kwa ajili ya jani ambalo yeyote anaweza kulichuma. Jaribio la ginkgo lenyewe liliendeshwa kwa fedha za umma. Wabunge wanaoisifu mitishamba majukwaani wangeanzia hapo, wakati wa kujadili bajeti ya utafiti.