Kabla ya kulipa garanti

Juma hili tuongee juu ya kuchagua mtaa wa kukaa. Komine tano za mji wetu ziko ukingo wa kulia wa mto Kongo: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani. Lubunga iko peke yake ng'ambo, na kuvuka ni kwa mtumbwi au boti.

Mara nyingi tunauliza bei ya mwezi tu. Tuhesabu pia nauli ya kila siku ya kwenda sokoni. Nyumba tuitazame baada ya mvua kubwa, na majirani tuwaulize: maji ya kunywa yanachotwa wapi? Mama akishikwa na uchungu usiku, atafika wapi, kwa njia gani?

Kuhusu garanti, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kukaa isiombewe zaidi ya miezi mitatu. Tudai mkataba wa maandishi, na jina la mama liandikwe pamoja na la baba. Siku baba hayupo, karatasi hiyo itamtetea yeye na watoto.